Uliza Kilicho Chini ya Rangi

Mwanangu, nimekusikia ukilisifia lile bati la msauzi la bluu ulilolikuta mjini Mpanda. Ni zuri, sikatai. Lakini nyumba hii ya Nsemulwa unaiezeka kwa fedha ya mpunga, na fedha hiyo haiji kila mwezi. Keti nikwambie tena, polepole.

Geji kwanza. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba: la 28 ni nene kuliko la 30, na la 30 ni nene kuliko la 32. Jembamba fundi akilikanyaga kati ya papi linabonyea, na upepo unaotangulia mvua za Novemba hauna simile nalo. Maandishi ya mgongoni yasikutoshe. Muuzaji akikataa bati lake lipimwe kwa maikromita, toka dukani kwake.

Kisha utando, na hapa ndipo watu wengi huumia. Zinki hupakwa ili iliwe yenyewe, chuma kipone. Mwaka 1972 kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani ilianza kuuza bati lililopakwa alumini asilimia 55, zinki zaidi ya 43, na silikoni kidogo. Ndiyo hii aluzinki tunayoijua. Ukisoma AZ150, kila mita ya mraba imebeba gramu 150 za mchanganyiko huo, pande zote mbili zikihesabiwa. AZ70 haifiki hata nusu ya hapo. Yapake yote bluu, jicho lako halitayatofautisha. Basi uliza, na udai iandikwe kwenye risiti.

Huku kwetu hakuna chumvi ya bahari kama Tanga au Unguja. Mabati mazuri tunayaua kwa mikono yetu. Yanashushwa yamelowa, yanarundikwa chini ya mwembe, maji yananasa katikati, na unga mweupe unaota hata kenchi hazijasimama. Yafute, yaweke pakavu, yapitishe hewa. Fundi naye asikate kwa grinda: cheche zinaunguza utando, na chembe za chuma zinazobaki juu huota kutu mvua ikinyesha. Akate kwa mkasi wa bati. Saruji mbichi isiliguse.

Vijana wengi nimewaambia haya, wakaitikia "ndiyo mzee", wakanunua rangi. Wewe fedha ikipungua, acha chumba kimoja hadi mavuno yajayo, geji usiiguse. Siku ya kwenda kupima nipitie asubuhi, jua halijawa kali. Nitakwenda nawe.