Hakuniuliza

Katika miaka yangu ya ualimu niliwaadhibu watoto wengi kwa kusema uongo, wala sikumbuki hata mmoja niliyemwadhibu kwa kunyamaza. Kwa hakika "nyamaza" ndilo neno nililolitumia darasani kuliko maneno mengine yote. Labda ndiyo sababu jambo nitakalolieleza hapa lilinikuta sina jibu, ingawa nilikuwa nimekwisha kustaafu, na watu wa Bugarama wakiniletea magomvi yao niyaamue.

Jambo lenyewe lilikuwa la pikipiki. Nilihamia Bugarama mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya wachimbaji wadogo kuondolewa Bulyanhulu, ambako si mbali na hapa. Miaka michache baadaye nikanunua Yamaha kuukuu, ya zile zinazochoma oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa buluu nyuma yake. Ilinipeleka shule na kunirudisha, mvua na jua. Nilipostaafu mwaka 2009 nilimwuzia kijana mmoja niliyemfundisha darasa la nne, aliyetaka kubebea viroba vya mawe ya dhahabu kutoka maduarani kwenda kwenye makarasha. Nilimpunguzia bei. Alinishukuru mno.

Msomaji asiyewahi kufungua injini anivumilie kidogo. Pembeni mwa injini, nyuma ya kifuniko, kuna gurudumu zito la chuma lenye sumaku ndani yake. Mafundi wetu huliita magneti. Huzunguka pamoja na krenki, nalo ndilo linalozalisha umeme wa cheche na wa taa. Halishikwi na nati peke yake. Ncha ya krenki imechongwa ikakonda kuelekea mwisho, mfano wa pia, na tundu la magneti limechongwa vivyo hivyo, basi ukikaza nati vyuma hivyo viwili hubanana hata vikawa kama kimoja. Kati yao hukaa kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kidogo kama ukucha, kiitwacho kii. Kazi ya kii ni kuiweka magneti mahali pake, ili cheche itoke wakati pistoni inapokaribia kufika juu, isiwahi mno wala isichelewe. Ukitaka kuitoa magneti unafunga pula kwenye thredi zilizo katikati yake, unakaza bolti ya pula dhidi ya ncha ya krenki, unagonga kichwa cha bolti mara moja, nayo huruka. Kuipiga magneti yenyewe kwa nyundo ni kosa: krenki inaweza kupinda, na sumaku zilizobandikwa ndani zikabanduka.

Mwaka 2006 nati ya Yamaha yangu ililegea nami sikujua. Magneti ikacheza, kii ikakatika, pikipiki ikazima njiani. Kii mpya haikupatikana Bugarama. Ilibidi mtu aende Kahama. Kesho yake nilitakiwa kusimamia mitihani katika shule nyingine. Fundi wa siku ile, ambaye alikwisha hama zamani, alisema ipo njia. Akalinganisha alama kwa jicho, akapaka gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa, akaisukuma magneti mahali pake na kukaza nati kwa nguvu zake zote. "Hii haitoki tena, mwalimu," aliniambia, akitaka kunifurahisha. Nami nilifurahi. Pikipiki iliwaka, na iliendelea kuwaka kwa miaka mitano.

Ilikuwa mwaka 2011 nilipopita kwenye banda la fundi wetu wa sasa nikaikuta Yamaha imelazwa. Cheche zilikuwa dhaifu, na platini za aina hiyo hukaa nyuma ya magneti, kwa hiyo hapana budi magneti itoke. Haikutoka. Fundi aliimwagia dizeli, akaiacha ilale. Kesho yake akaimwagia mafuta ya breki. Nilipita siku ya kwanza nikasalimia, nikasema "poleni na kazi", nikaenda zangu. Nilipita siku ya pili nikafanya vile vile. Yule kijana alikuwa amekaa juu ya tairi, na kila siku aliyokaa pale viroba vya watu vilibebwa na wengine.

Msomaji atauliza kwa nini nilipita kimya. Nilijiambia maneno mengi, na kila moja lilikuwa na uso wa haki. Nilijiambia kwamba alipoinunua aliijaribu, akaipanda hadi barabarani na kurudi, akaridhika. Kwamba hakuniuliza. Kwamba bei ilikuwa ndogo. Kwamba ilimfanyia kazi miaka miwili na kumlisha yeye na mke wake. Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza ina msemo wa kale kwamba mnunuzi na ajihadhari, na mtu mzima aliyenunua kitu kilichotumika anajua amenunua kilichotumika.

Swali hili si la Bugarama peke yake. Cicero, Mrumi aliyeandika kitabu juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, alitoa mfano wa mfanyabiashara aliyetoka Alexandria na shehena ya nafaka akafika Rhodes wakati wa njaa. Alijua kwamba meli nyingine nyingi za nafaka zi njiani. Je, awaambie wenyeji, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Wanafalsafa wawili aliowataja, Diogenes na Antipater, hawakupatana. Mmoja alisema kutosema si sawa na kuficha. Wa pili alisema wanadamu ni ndugu, haifai kuwanyima habari wanayoihitaji. Cicero mwenyewe aliegemea kwa wa pili. Nao Waislamu husimulia kwamba Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione.

Jibu hilo la sokoni ndilo lililonichoma, maana gundi yangu niliiweka chini kabisa. Na nilipoichunguza hoja yangu ya kwamba hakuniuliza, niliona haina miguu. Mtu huuliza juu ya kile anachojua kuwa chaweza kuwapo. Angeniuliza nini? "Mwalimu, je, ulibandika magneti kwa gundi?" Hakuna mnunuzi duniani anayeuliza hivyo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi. Hata ile bei ndogo ilinishtaki. Nilimpunguzia kwa nini? Si kwa ukarimu, ingawa niliyapokea yale mashukuru yake. Nilipunguza kwa sababu nilijua, nikataka kusema bila kusema.

Siku ya tatu nilimkuta fundi ameshika tindo. Thredi za pula zilikuwa zimeanza kuchunika, na alikwisha kata shauri kuigonga magneti kutoka pembeni hadi itoke au ipasuke. Kijana alikuwa amegeuza uso asione.

"Ngoja," nilisema. "Ina gundi."

Fundi alinitazama, akaiweka tindo chini. Hakukasirika. Mafundi hupenda kujua, na alichokuwa amekikosa siku zote mbili ni neno hilo moja. Dizeli inasaidia kutu. Kwa gundi haifanyi kitu. Gundi ya namna ile hulegea kwa moto. Akamtuma mtoto kwa mnunuzi wa dhahabu aliye jirani kuazima tochi ya gesi, ile ya kuchomea zebaki itengane na dhahabu (moshi wake ni sumu, na watu huivuta kila siku, lakini hayo ni mengine). Akafunga pula kwa thredi zilizobaki, akaikaza kwa kiasi, akapasha moto katikati tu ya magneti, mbali na sumaku, akagonga kichwa cha bolti. Mara ya pili ililia kama risasi, ikatoka.

Ncha ya krenki ilikuwa imechubuka. Sili ya nyuma ilikuwa imeungua kwa moto. Fundi alichokoa kipande cha kii ya zamani, akakwangua gundi, akapaka dawa ya kusagia valvu, akaizungusha magneti juu ya ncha ile kwa mkono, huku na huku, hata vyuma vikapatana tena. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi moja. Hata mwaka 2006 ingechukua asubuhi moja, pamoja na safari ya Kahama.

Kijana hakusema kitu mpaka fundi alipokwenda kunawa. Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akiuliza darasani: "Kwa hiyo mwalimu ulikuwa unajua?"

Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia pia kwamba nilijua juzi na jana. Nililipa kii, sili na kazi ya fundi. Nikamwekea mkononi fedha za siku tatu alizokosa kubeba, akazihesabu mbele yangu, jambo ambalo asingelifanya wiki moja kabla. Sikumlaumu.

Alipokuja kuichukua Yamaha yake alinisalimu "mwangaluka, mwalimu," nami nikaitika. Akaipiga kiki, ikawaka kwa mara ya kwanza. Akaiacha inguruume, akanigeukia.

"Kuna kingine?" akauliza.

Nilifikiri kidogo, kisha nikamweleza habari za gia ya tatu.