Kuridhika na Kilichopo: Neno Hili Tunamwambia Nani?



Jumapili iliyopita mafundisho yetu yalifika Wafilipi sura ya 4, pale mtume Paulo anaposema amejifunza kuridhika na hali yoyote, awe ameshiba au ana njaa. Kanisa lote liliitikia amina, na mimi nikaitikia. Lakini neno hilo limenisumbua wiki nzima, ndiyo maana nimeomba nafasi katika kijarida chetu. Swali langu ni hili: je, mtu wa Mungu ale chochote kinachopatikana, ashukuru, na mambo yaishie hapo? Na kama ni hivyo, nani ana haki ya kumwambia mwenzake maneno hayo?

Nianze na upande ulio rahisi. Kula kilichopo si aibu. Ni hekima ambayo Mungu ameiweka katika kila kiumbe chake. Nyote mnajua jioni ya baada ya mvua, chiswa wanapotoka kwenye kichuguu na kuruka kuelekea mwanga. Watoto wanakimbia na sufuria, kuku wanakataa kuingia kulala, mbwa analamba chini, paka naye yuko pale pale, na ndege wanamalizia wale walio juu. Kila mmoja anakula kilichofunguliwa siku hiyo. Kesho yake chiswa hakuna, na kuku anarudi kuchakura kwenye majani ya ndizi bila kunung'unika. Zaburi ya 147 inatuambia kwamba Mungu huwapa wanyama chakula chao, hata makinda ya kunguru yanapolia.

Watu wa Mungu nao walilishwa hivyo hivyo. Yohana Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwituni. Eliya alikula kilicholetwa na kunguru kule kwenye kijito cha Kerithi, na sidhani aliuliza wamekitoa wapi. Wana wa Israeli walikula mana, kitu ambacho hata jina lake hawakulijua.

Sisi Abagusii tunalijua jambo hili vizuri. Bibi zetu walichukua chinsaga, mboga chungu kweli, wakaichemsha, wakaitia maziwa, wakaipasha moto siku baada ya siku mpaka uchungu ukageuka utamu. Waliweka wimbi ghalani kwa sababu hukaa miaka bila kuliwa na wadudu, ili mwaka mbaya ukija obokima usikosekane. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1984, mvua ilipokataa sehemu nyingi za Kenya, tukala mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo. Kule Marekani mahindi ya aina hiyo wanalisha zaidi mifugo, lakini hapa yaliokoa watu. Mwaka 2011 ugonjwa wa mahindi ukaonekana Bomet, na haukuchukua muda kufika kwetu Kisii na Nyamira. Majani yalikauka kuanzia pembeni, na ukimenya gunzi unakuta punje za kuhesabu. Waliokuwa na viazi vitamu na ndizi walikula hizo. Mithali 27 mstari wa 7 inasema jambo hili wazi: aliyeshiba hukanyaga hata asali, lakini mwenye njaa huona kitu kichungu kuwa kitamu.

Kwa hiyo anayedharau kiazi kitamu kwa sababu si mkate na chai ya maziwa, huyo na ajirekebishe. Mpaka hapo tuko pamoja.

Lakini Biblia yenyewe inaweka mpaka. Katika 2 Wafalme sura ya 4, wakati wa njaa kule Gilgali, mmoja wa wanafunzi wa manabii alienda shambani, akachuma matango mwitu asiyoyajua, akayakatakata na kuyatia sufuriani. Walipoonja walipiga kelele kwamba kuna mauti ndani ya chungu. Angalieni, Elisha hakuwaambia, "Kuleni tu, ridhikeni, Mungu ni mwema." Aliagiza unga uletwe na akakiponya kile chakula kwanza. Kilichopo kinaweza kuua. Mwaka 2004, kule Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Hawakuwa wajinga wala hawakukosa imani. Walikuwa na njaa, na mahindi yale ndiyo yalikuwa nyumbani. Mwenye njaa hana miiko.

Hapa nawakumbusha pia jambo ambalo wengi wetu tunalifanya. Mahindi yakioza tunasema, "Hayo mpe ng'ombe." Ng'ombe aliyefungwa kwenye boma hachagui. Januari napia ikiisha tunamkatia mgomba, anakula, anajaza tumbo kwa maji matupu, na maziwa yanapungua. Ukimpa mahindi ya ukungu atakula pia, na sumu ile inapita kwenye maziwa na kumrudia mtoto wako kikombeni. Mithali 12:10 inasema mwenye haki huijali nafsi ya mnyama wake. Asiyeweza kuchagua anakula uamuzi wako wewe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisumbua. Aliyehusika amenipa ruhusa kulisimulia, ila jina lake sitalitaja.

Siku moja nilikuwa sokoni hapa Nyakoe, upande wa omena. Mnajua kuna omena ya watu, safi, iliyoanikwa vizuri, na kuna omena ya kuku, iliyovunjika na kuchanganyika na mchanga, ambayo bei yake iko chini. Mama mmoja tunayeabudu naye alikuwa anapimiwa omena ya kuku. Nikamtania, "Mama, kuku wako wamebarikiwa kuliko sisi!" Akacheka, akasema, "Amina, mzee," akafunga mfuko wake akaenda.

Wiki hiyo hiyo ushirika wa nyumbani ulikuwa kwake, na mwalimu wa siku hiyo nilikuwa mimi. Nilifundisha Wafilipi 4. Nilifundisha kwa nguvu. Nikasema shida ya Wakristo wa leo ni kulinganisha sufuria zao na za jirani. Yule mama aliitikia amina kuliko wote. Tulipomaliza, nikiwa nje nangojea wenzangu, nikamuuliza mtoto wake mdogo, "Kuku wenu wamelala wapi?" Mtoto akanishangaa. "Sisi hatuna kuku."

Ndugu zangu, nilisikia kama nimemwagiwa maji baridi. Mama alikuwa ametoka akasikia. Hakuona haya. Akaniambia polepole, "Mzee, ukiiosha mara tatu mchanga unaisha. Mara ya nne ni ya kuhakikisha."

Huyu ni mama anayechuma majani chai kwenye mashamba ya watu, kilo kwa kilo, na lake ni kipande ambacho ukitandika mkeka mbili tatu kimeisha. Yeye hakuhitaji somo langu la kuridhika. Angeweza kunifundisha mimi. Nilikuwa nimeenda kwake na tumbo limeshiba, nikamwambia mwenye njaa avumilie njaa, na nikaita hilo mahubiri. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mimi nilisimama karibu naye sokoni na bado sikumjua.

Nilirudi nyumbani nikafungua tena Wafilipi 4, na nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekipita miaka yote. Kwanza, Paulo anasema *nimejifunza*. Anajisema yeye mwenyewe. Hawaambii maskini wa Filipi, "Ridhikeni na njaa yenu." Pili, tukisoma mpaka mstari wa 13 tunafunga Biblia, lakini mstari wa 14 unaendelea. Pale Paulo anawaambia walifanya vyema kushiriki dhiki yake, na anawashukuru kwa msaada waliomtumia zaidi ya mara moja. Mtu yule yule aliyeridhika alipokea vitu, na akaita vitu vile sadaka yenye harufu nzuri mbele za Mungu. Kuridhika kwa Paulo hakukuwaondolea Wafilipi wajibu wao hata kidogo.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Kuridhika na kilichopo ni neno ambalo mtu hujiambia mwenyewe. Ukiligeuza ukamwambia jirani mwenye njaa, linakuwa lile ambalo Yakobo alilikemea katika sura ya 2, la kumwambia ndugu aende kwa amani, apate joto na ashibe, bila kumpa kitu. Kwangu mimi, sahani ikiwa na viazi tu, niseme asante Bwana. Kwa jirani yangu, swali la kwanza ni nini kilicho kwenye sufuria yake na kwa nini.

Najua kuna atakayesema, "Tukianza kugawa tutafuga uvivu, na Paulo alisema asiyefanya kazi asile." Soma vizuri 2 Wathesalonike 3:10. Inamsema asiyetaka kufanya kazi. Mama anayeamka gizani kuchuma chai ya wengine anataka, na anafanya. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200, na uvivu wa mchuma chai hauhusiki na bei hiyo. Kazi yaweza kuwepo na shibe isiwepo.

Mwingine atauliza, "Nami nitoe nini? Shamba langu ni robo ekari." Ni kweli, mashamba yetu yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka yamekuwa vichochoro. Mambo ya Walawi 19 inaagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, ili maskini na mgeni wapate. Pembe ya robo ekari ni ndogo, lakini ipo. Parachichi zinaanguka na kuozea chini ya miti yetu. Mkungu ukiiva mara moja wote, nusu wanamaliza ndege. Managu yanayojiotea mashambani mwetu tunayapalilia na kuyatupa. Hivyo ni vyakula.

Ila tujifunze namna ya kutoa kwa Boazi. Katika Ruthu 2:16 aliwaagiza vijana wake waangushe masuke makusudi, wamwache Ruthu ayaokote, wala wasimkemee. Ruthu alirudi kwa mkwewe amebeba jasho lake. Hakuitwa mbele ya watu kupigwa picha na mfuko wa unga. Yule mama alificha njaa yake nyuma ya kuku wasiokuwepo kwa sababu alijua sisi tungeifanya nini: tungeitangaza kwenye maombi.

Nilichofanya ni kidogo. Nilirudi kwake nikamwomba msamaha, kwanza kwa mzaha wa sokoni, halafu kwa mahubiri. Akasema mzaha ulimchekesha kweli. Kuhusu mahubiri alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku nyingine, mzee, fika mapema. Ungetukuta tunakula." Tangu hapo sifundishi nyumbani kwa mtu kabla sijakaa na kula kile wanachokula wao. Mke wangu naye amemwambia awe anachuma mboga kwetu bila kubisha hodi, na anachuma. Naye akipata viazi vizuri anatuletea, nasi tunavila na kushukuru, kwa sababu Eliya naye alikula kwa mjane wa Sarepta, na unga ukawatosha wote.

Wapendwa, wiki hii kabla hujaomba upewe riziki ya leo, angalia neno linasema *utupe*. Halisemi nipe. Jiulize ni nani aliye ndani ya hiyo *tu*. Halafu pita sokoni, na ukiona mtu anapimiwa omena ya kuku, usimtanie. Msalimie, mtembelee, na uende mapema.