Ukistaafu, Utavaa Nini?

Masomo: Wakolosai 3:22–24, 2 Wafalme 5:15–19



Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu saa tano usiku. Aliyepiga ni dada aliyelelewa katika kanisa hili, na sasa yuko Marekani akifanya kazi ya kutunza wazee manyumbani. Wengi wenu mna binti au shangazi anayefanya kazi hiyo huko majuu: kuogesha wazee, kuwapa dawa, kuwavalisha, kuwapeleka kwa daktari. Dada huyu ameifanya miaka sita na hajawahi kunipigia kulalamika.

"Pasta," akaniambia, "mzee niliyepewa majuzi ana miaka 73. Alikuwa injinia. Mke wake alishafariki. Ni mtu mpole, hajanitukana hata siku moja. Lakini asubuhi akishaoga ananiambia nimletee rinda. Mabega yake yameisha nguvu, mkono haufiki mgongoni, kwa hivyo ananiomba nimfungie zipu. Nilimuuliza alianza lini. Akasema alipenda hivyo tangu akiwa kijana, lakini kuvaa waziwazi aliacha mpaka akastaafu. Pasta, nifunge hiyo zipu ama niache kazi?"

Nilimwomba anipe siku chache. Amenipa ruhusa niandike habari hii, na mambo ambayo yangemtambulisha mzee nimeyabadilisha. Naijibu hapa mbele yenu wote kwa sababu, kadiri nilivyoomba, niliona swali lake ni kubwa kuliko zipu.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nani. Kuna wanaume wanaopenda kuvaa mavazi ya kike, na wengi wao ni waume wa watu na baba wa watoto. Wengi hawataki kuwa wanawake na hawatafuti wanaume. Wanataka tu kuvaa hivyo kwa saa moja au siku moja, na wanasema moyo hutulia. Ukiwauliza sababu, wengine wao hawana jibu.

Marekani tunayoiona leo kwenye simu zetu haikuwa hivi zamani. Mji wa Columbus, Ohio, ulipitisha sheria dhidi ya mtu kuvaa mavazi ya jinsia nyingine mwaka 1848. San Francisco ilifuata mwaka 1863, na miji mingine mingi ikafanya vivyo hivyo. Mwanamume akipatikana barabarani na gauni, alikamatwa. Katika miaka ya 1950 na 1960 baadhi yao walikuwa wakienda wikendi kwenye nyumba za mapumziko katika milima ya Catskill, jimbo la New York, mahali palipoitwa Casa Susanna. Huko walivaa magauni, wakapika, wakacheza karata, wakapigana picha. Wikendi ikiisha, mtu anavaa suti yake na kurudi kazini kama kwamba hakuna kitu. Miaka mingi baadaye picha zao zilipatikana kwenye soko la vitu vikuukuu mjini New York, na mwaka 2005 zikatolewa kitabu. Mimi nilipoziona, kilichonishtua ni jinsi zilivyo za kawaida. Watu wameketi sebuleni wakitabasamu, kama picha za chama cha akina mama.

Kuogopa kwao hakukuwa bure. Katika jimbo la Louisiana kulikuwa na dereva wa lori aliyefanyia kampuni moja ya maduka makubwa kazi kwa karibu miaka 20. Kazini alivaa kama madereva wengine. Nje ya kazi, mara kwa mara, alivaa kama mwanamke, akaenda hotelini kula, akaenda madukani, na mara nyingine akaenda hata kanisani. Mke wake alijua, na mara nyingi walikuwa pamoja. Mwaka 1999 alimwambia ukweli msimamizi wake. Mapema mwaka 2000 akafutwa kazi. Kampuni ilisema wateja wakimtambua wataenda kununua kwingine. Alishtaki, na mwaka 2002 akashindwa mahakamani. Ilichukua mpaka mwaka 2020 ndipo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba kumfuta mtu kazi kwa sababu ni shoga au amebadili jinsia ni ubaguzi.

Sasa mnaona kwa nini kustaafu huwa mlango kwa wanaume hawa. Kule malipo ya uzeeni ya serikali mtu anaweza kuanza kuyapokea akiwa na miaka 62, na hayaulizi umevaa nini. Mkopo wa nyumba pengine umeisha. Watoto wamekua na wana maisha yao. Hakuna mkutano wa Jumatatu, hakuna mteja wa kukutambua. Lile sanduku lililofichwa darini miaka 40 linashushwa.

Mtaniuliza, Pasta, wewe unasimama wapi? Ninasimama hapa hapa nilipo. Mungu aliumba mume na mke, na tofauti hiyo ni zawadi yake. Kumbukumbu la Torati 22:5 inakataza mwanamume kuvaa vazi la mwanamke na mwanamke kuvaa la mwanamume, na sitaichana hiyo karasa. Lakini na sisi tuwe wakweli. Mstari huo huo ndio uliotumiwa kuwafungia nje dada zetu waliokuja ibadani na suruali, na wengine wao hawakurudi tena. Leo dada anaongoza sifa akiwa na suruali na hakuna anayeshtuka. Biblia haikubadilika. Tulikuja kukubali kwamba suruali ya kike ni vazi la kike. Tena ukienda Mombasa ukamkuta mzee na kanzu yake, hutamwambia amevaa rinda. Sisemi mambo haya ni sawa na ya yule mzee injinia. Yeye anajua kabisa kwamba analovaa ni vazi la kike. Nasema tu kwamba tumewahi kukosea juu ya kitambaa, na mtu aliyewahi kukosea anafaa kuongea polepole.

Swali lililoninyima usingizi ni lingine. Ile miaka 40 mzee alipovaa suruali na tai kila asubuhi kwa kuogopa bosi, je, ilikuwa utakatifu?

Kabla ya huduma nilisomea biashara. Darasani tulifundishwa kwamba usimpe mtu mmoja ufunguo wa sefu na daftari la hesabu. Weka kamera, weka sahihi mbili, lete mkaguzi bila kumtangaza. Ni mafundisho mazuri na hata hapa kanisani tunayatumia kwa sadaka zenu. Lakini hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kamera inamfanya keshia kuwa mwaminifu. Kamera inalinda pesa. Moyo wa keshia unabaki ulivyokuwa, ukingoja siku stima itakapopotea. Paulo anawaambia watumwa wa Kolosai wasitii kwa utumwa wa macho tu, wakati bwana anawaangalia, bali kwa moyo mnyofu na kwa kumcha Mungu. Kwa hiyo mtu aliyejizuia kwa sababu ya mshahara alimtii mshahara. Siwezi kumhesabia hiyo kama haki, na vilevile siwezi kujihesabia mimi.

Mtu atasema, si afadhali aogope kuliko atende? Kweli, hofu ina kazi yake. Dereva wa matatu anayeacha pombe kwa kuogopa askari wa barabarani amewaokoa abiria wake, hata kama hampendi Mungu wala abiria. Mimi nikiwa ndani ya hiyo matatu nitashukuru. Lakini hofu inafanya kazi mpaka yule anayeogopwa aondoke. Kustaafu ndiyo siku anaondoka.

Hili si la Wamarekani peke yao. Hapa kwetu mfanyakazi wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60, na mimi nimeona siku hiyo ikiwafanyia watu mambo tofauti kabisa. Nimemwona mzee aliyesifiwa kwa nidhamu, na pensheni ilipoingia benki, nyumba yake ikaanza kulia. Nimemwona mwingine aliyekuwa mkubwa ofisini, mtu wa uso mgumu, ambaye watoto wake walikuwa wakinyamaza akiingia. Alipostaafu alianza kuinua mikono wakati wa kuabudu na kulia kama mtoto. Nikamuuliza, akaniambia, "Pasta, nilikuwa nataka kufanya hivi miaka mingi. Lakini vijana wa ofisini walikuwa wanaabudu hapa hapa. Ningewaamurishaje Jumatatu?"

Tafakari hilo. Kazi haikuficha dhambi tu. Ilificha hata ibada. Kwa hivyo uhuru wa kustaafu si mzuri wala mbaya kwa wenyewe. Ni kama kuwasha taa chumbani: kilichokuwa ndani kinaonekana. Na kila mmoja wetu ana kitu ambacho, kama hangekuwa na bosi, wala mzazi, wala mchungaji, wala majirani, angekifanya kesho. Kabla ya kumcheka yule mzee na rinda lake, jua chako ni kipi.

Hapo ndipo nalazimika kujisema mwenyewe. Miaka miwili iliyopita kijana mmoja wa kikundi cha sifa alikuja kwangu akakiri kwamba amezama katika kamari ya simu. Alilia. Nilimwombea, halafu nikapeleka jambo lake kwa kamati, nikidhani ninafuata utaratibu. Kufika Jumapili alikuwa ametolewa kwenye kikundi na kila mtu anajua sababu. Aliacha kuja. Nimemtafuta, nimemwomba msamaha, na yeye ndiye aliyeniambia niandike hili. Lakini tangu siku hiyo hakuna hata mtu mmoja wa kikundi kile aliyekuja kukiri kitu kwangu. Sidhani kamari imeisha. Ninachofikiri ni kwamba nilipandisha bei ya ukweli, na watu wakaamua kutonunua.

Ile kampuni ya Louisiana ilifanya vivyo hivyo. Ilimfuta dereva mmoja, na kila dereva mwingine mwenye siri, ya aina yoyote, akafundishwa kungoja pensheni. Ninaogopa kwamba kanisa linaweza kuwa mwajiri wa namna hiyo. Watu wanavaa wanachotakiwa kuvaa, wanasema amina mahali pake, na ukweli wao unangoja siku ambayo hatutakuwa na cha kuwanyang'anya. Hatujui ni wangapi. Kama wana siri zinazohitaji toba, tumewazuia kutubu. Kama wana mizigo ambayo si dhambi, tumewaacha waibebe peke yao mpaka uzeeni.

Sasa jibu langu kwa dada yetu. Naamani alipoponywa ukoma na kumwamini Mungu wa Israeli, alikuwa na shida moja. Bwana wake alikuwa akiingia katika nyumba ya Rimoni kuabudu huku ameegemea mkono wa Naamani, na bwana akiinama, Naamani naye hulazimika kuinama. Akaomba asamehewe kwa jambo hilo. Elisha hakumhubiria saa nzima. Alimwambia aende kwa amani. Mungu alijua tofauti kati ya mtu anayeabudu sanamu na mtu anayemshika mkono mzee asianguke.

Dada, funga zipu. Kazi yako ni kuwasitiri wazee ambao mikono yao haifiki tena. Kumvalisha si kusema amina kwa kila analoamini. Akikuuliza unaamini nini, mwambie ukweli bila ukali. Akikutaka ufanye jambo lolote linalokuvunjia heshima, hilo ni suala lingine kabisa, na uripoti siku hiyo hiyo. Lakini akikuomba msaada wa mgongo, msaidie. Alikuamini wewe, mgeni, mwanamke aliyeokoka na Biblia mezani. Usimwonyeshe kwamba alikosea kukuamini. Nilimwambia pia amuulize mzee habari za mke wake, maana mtu asiulizwe habari za rinda tu.

Najua baadhi ya wazee wetu wa kanisa hawatakubaliana nami. Tumezungumza, na tutazungumza tena.

Juzi dada alinipigia. Alimuuliza mzee kuhusu mke wake. Mzee akamwonyesha picha ya arusi, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema mke alijua tangu mwaka wa pili wa ndoa, hakulipenda jambo hilo, na hakumwambia mtu yeyote. Na miaka ile ya mwisho kabla hajafa, mabega ya mzee yalipoanza kukataa, ni yeye aliyekuwa akifunga zipu.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: Ni jambo gani ungefanya tofauti kama hakuna mtu angeweza kukufuta kazi, kukutenga, au kukusema? Ni nani umemfanya aogope kukuambia ukweli wake, na utamwendea lini?

Tuombe: Bwana, wewe unatuona wakati bosi haoni. Utufundishe kukucha wewe kabla ya siku ya kustaafu. Na utupe masikio ambayo mtu anaweza kuyaambia kitu na kesho bado akapata kiti chake kanisani. Katika jina la Yesu. Amina.