Je, Mchoro wa Mzaha Ukutani Utiliwe Maanani?



Baadhi yenu mnaukumbuka ukuta wa ghala la chakula katika kambi tuliyokaa kabla ya kuja huku. Asubuhi moja tulipofika na magunia yetu tulikuta panya mkubwa amechorwa hapo kwa makaa. Alivaa tai shingoni, tumbo limemtangulia, na mkononi alishika kopo la kupimia unga. Kitako cha kopo kilichorwa kimebonyezwa kwa ndani, hila ambayo kila mama aliyewahi kununua maharagwe sokoni anaijua. Hakuna aliyeuliza panya yule ni nani. Foleni nzima ilicheka, hata wale waliokuwa wamesimama tangu alfajiri na watoto mgongoni. Na mtu mzima hacheki bure kwenye foleni ya posho.

Mchana ukaitwa mkutano. Wapo waliosema ni upuuzi wa watoto, leteni maji na kitambaa, tufute tuendelee na kazi. Wapo waliosema ni uasi, atafutwe mchoraji, na jina lake liondolewe kwenye orodha ya posho ili wengine wajifunze. Sisi tunaoandika kurasa hizi tulikuwemo. Tulikaa katikati tukitikisa kichwa kwa kila aliyesema, na hiyo ni tabia yetu mbaya ya siku nyingi. Mkutano uliisha bila uamuzi, tukaenda kula.

Baadaye tuliona jambo ambalo lingetupasa kuliona palepale. Makundi yale mawili yalikuwa yanagombana, lakini kwa neno moja yalipatana: hakuna hata mmoja aliyesema tulete kopo tulitazame. Anayefuta mchoro kwa kusema ni mchezo, na anayemwinda mchoraji kwa kusema ni kosa, wote wawili wanaliacha kopo lilivyo. Kwa hiyo tunapouliza kama mchoro wa dhihaka utiliwe maanani, tuangalie kwanza tunasema nini. Kukasirika si kutilia maanani. Herode naye alikasirika.

Kwetu Kongo jambo hili si geni. Wazee waliokaa Lubumbashi au Likasi miaka ya 1970 watakumbuka picha zilizotundikwa sebuleni, zile zilizoitwa «Colonie belge». Ndani yake ulimwona askari akimchapa mfungwa fimbo, na mkubwa wa kizungu amesimama pembeni akitazama. Mgeni wa serikali akiingia nyumbani angeona historia ya Wabelgiji tu, akanywa chai yake akaondoka. Wenye nyumba walijua kwamba fimbo haikuondoka mwaka 1960, ilibadilisha mkono tu. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa huko, alichora historia yote ya nchi kwa namna hiyo, picha karibu mia moja. Na kule Kinshasa, Chéri Samba, aliyeanza kwa kuchora mabango ya biashara, alifungua karakana yake mwaka 1975 akawa anatundika picha zake nje, barabarani, zenye maandishi ya Kilingala na Kifaransa, watu wakisimama kuzisoma na kucheka. Mwaka 1989 picha zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa, lakini waliomcheka vizuri zaidi ni wapita njia wa mtaani kwake, kwa kuwa walijua anamsema nani.

Mfano unaotusaidia zaidi unatoka Nairobi. Boniface Mwangi alikuwa mpiga picha wa gazeti. Alipiga picha za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo, kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki, walikufa watu 1,133. Mwaka 2009 alianza kuzizungusha picha hizo mijini, akizionyesha hadharani barabarani chini ya jina Picha Mtaani, ili wananchi waone walichofanyiana. Mwaka 2012 yeye na vijana wachoraji wakaingia katikati ya jiji usiku na rangi zao. Kulipopambazuka, ukuta mmoja mkubwa karibu na soko la City Market ulikuwa na tumbusi aliyevaa suti, ndege mla mizoga, na kila Mkenya alijua ni mbunge. Jina lilienea upesi: mavulture.

Mei 2013, uchaguzi mwingine ukiwa umepita, wabunge wapya walidai warudishiwe mshahara wa takriban shilingi 851,000 kwa mwezi, baada ya tume ya mishahara kuushusha hadi takriban 532,000. Mwangi na wenzake walipeleka nguruwe hai mbele ya Bunge na kumwaga damu barabarani. Polisi waliwapiga na kuwakamata baadhi yao. Mwezi uliofuata wabunge walikubali mshahara ule wa chini, lakini wakapata ruzuku ya shilingi milioni 5 kila mmoja ya kununua gari. Kwa hiyo nguruwe hawakushinda, wala hawakushindwa. Mtu akituuliza kama mchoro hubadilisha nchi tutamjibu kwamba kwa kawaida haubadilishi. Unachofanya ni kuondoa kisingizio. Baada ya tumbusi kukaa ukutani hakuna aliyeweza kusema hakujua wananchi wanamwonaje.

Wengine mtasema: Mkristo asidhihaki. Tunaliheshimu neno hilo, ila tukumbuke kwamba Eliya pale Karmeli aliwafanyia mzaha manabii wa Baali wakati wa adhuhuri, akiwashauri wapaze sauti, labda mungu wao amelala. Nabii Ezekieli aliamriwa achore mji wa Yerusalemu juu ya tofali, auzingire kama mtoto anayecheza vita, machoni pa watu. Leo tungemwita mchoraji wa mtaani, na bila shaka kuna kamati ambayo ingemwita aje ajieleze.

Nasi pia tumechorwa. Mwaka 1857, kwenye kilima cha Palatine mjini Roma, ilipatikana plasta ya ukuta iliyokwanguliwa picha. Wataalamu wengi wanaiweka karibu na mwaka 200. Mtu mwenye kichwa cha punda yuko msalabani, chini yake kijana ameinua mkono, na maandishi ya Kigiriki yanasema kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Ni miongoni mwa picha za zamani kabisa za kusulubiwa zilizobaki duniani, na ilichorwa na mtu aliyekuwa akitucheka. Katika chumba kingine cha jengo hilohilo kuna maandishi ya Kilatini yanayosema kwamba Alexamenos ni mwaminifu. Wapo wanaoyasoma kama jibu. Sisi tunapenda hivyo: kijana hakutafuta wa kumpiga, alitafuta msumari na ukuta.

Hadi hapa mtafikiri tumeamua kwamba kila mzaha wa ukutani ni unabii. Laiti ingekuwa hivyo. Lakini tunaishi Rubavu, mji ambao wengi wetu tunaendelea kuuita Gisenyi, na hapa Gisenyi mtu hawezi kuzungumzia dhihaka kirahisi.

Gazeti la Kangura lilianza mwaka 1990, na mhariri wake, Hassan Ngeze, alikuwa mtu wa hapahapa. Hata jina lilikuwa la kejeli: palikuwa na gazeti lililoitwa Kanguka, maana yake amka, naye akaliita lake Kangura, maana yake waamshe wengine. Lilijaa katuni. Watu waliligombania, wakasomeana kwa sauti kwenye vilabu na vituo vya basi, wakacheka. Toleo la 6, Desemba 1990, lilichapa zile amri kumi za chuki dhidi ya Watutsi. Jalada la toleo la 26, Novemba 1991, lilikuwa na panga limechorwa kando ya swali: ni silaha gani zitakazowashinda inyenzi, yaani mende? Kuanzia mwaka 1993 redio ya RTLM nayo ilipendwa kwa mizaha na muziki wake. Waliosema wakati ule kwamba ni utani tu hawakuwa wajinga. Walikuwa watu kama sisi, waliotikisa kichwa kwa kila upande. Waswahili wana methali yao, mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kilichotumbuka kilikuwa kibaya kuliko usaha. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimhukumu Ngeze kifungo cha maisha. Baada ya rufaa, tarehe 28 Novemba 2007, kikapunguzwa kuwa miaka 35. Majaji walikaa na karatasi zile, kurasa kwa kurasa, wakazitilia maanani. Walizipata baada ya maiti kuzikwa.

Sasa tumbusi wa Nairobi na mende wa Kangura, wote ni wanyama. Wote walichorwa kwa wino wa kucheka. Tofauti yao ni ipi? Mtu asituambie mmoja ni wa adabu na mwingine si wa adabu, kwa maana ule wa Nairobi haukuwa na adabu hata kidogo.

Tunaona hivi. Mbunge alichorwa tumbusi kwa sababu ya alichokula. Akiacha kula, picha inamvuka, inabaki kutafuta mwingine. Kuna mlango ambao anaweza kutokea, na mchoro wenyewe unamwonyesha mlango huo. Mende hana mlango. Aliitwa mende kwa sababu ya tumbo la mama yake, kabla hajatenda jema wala baya, na hakuna toba itakayomfanya asizaliwe alikozaliwa. Tena tumbusi alichorwa na wanyonge juu ya ukuta wa wakubwa, na mende alichorwa na watu wenye nguvu, majirani wenye hofu wakiangalia. Katika utani wa kwetu, ule wa makabila au wa mashemeji, mtani akinitania leo mimi nitamtania kesho, mpaka msibani, na ndiyo maana hauumi. Mahali ambapo mmoja hawezi kujibu, hapo utani umekwisha, hata kama watu wanaendelea kucheka.

Kitabu cha Mithali, sura ya 26, kinamfananisha anayemdanganya jirani kisha akasema alikuwa anafanya mzaha na mwendawazimu arushaye vijinga vya moto. Hakisemi mzaha ni dhambi. Kinasema neno mzaha haliuzimi moto.

Turudi kwa panya wetu, maana hatujawaambia yote. Chini ya mchoro palikuwa na maneno manne. Hayakuhusu unga wala kopo. Yaliandikwa kwa kuiga namna wanavyotamka watu wa milima aliyotoka yule mgawaji, ule utamshi ambao tangu utoto tumezoea kuucheka. Foleni ilipocheka asubuhi ile, ilicheka vitu viwili kwa pamoja, na ukituuliza kipi kilichekwa kwa sauti zaidi tutakujibu kwa aibu kwamba ni yale maneno. Sisi wenyewe tuliyasoma kwa kuigiza sauti.

Siku ya tatu mama mmoja mjane, ambaye hakualikwa kwenye mkutano wowote, alikwenda kwa mfanyabiashara jirani akaazima mizani. Alipima unga wake mbele ya ghala. Ulikuwa pungufu. Akina mama wengine wakapima wao, nao ukawa pungufu. Kopo likaletwa, na kitako chake kilikuwa kimebonyezwa kwa ndani kama panya alivyoonyesha. Mgawaji alisema alilipokea likiwa hivyo kwa aliyemtangulia. Inawezekana. Kopo jipya lilipatikana wiki ileile, na tangu hapo likawa linawekwa juu ya meza ili kila mtu alione kabla ya kupimiwa.

Kijana mchoraji naye tulimjua baadaye, alikuja mwenyewe. Alisema panya ni wake, lakini maneno si yake. Tulipotazama tena ukutani tuliona kweli makaa ni tofauti na mkono ni mwingine. Ukuta hauna mlinzi, na mtu akichora jambo la haki usiku, kabla hakujacha mwingine anaweza kuandika lake chini yake. Kijana alituomba kitambaa, akafuta maneno akaacha panya. Panya alikaa hadi mvua za masika.

Lakini yule mgawaji alikuwa na binti wa miaka tisa hivi, aliyekuwa akija kwenye shule ya Jumapili na dada zake wadogo wawili. Hakuwahi kumpimia mtu unga. Watoto wenzake walimwita kwa yale maneno manne, wakiigiza sauti kama tulivyoigiza sisi, na waliendelea kumwita hivyo muda mrefu baada ya ukuta kuoshwa, hadi siku familia yake ilipopanda lori kuhamishiwa kambi nyingine. Walimu wa shule ya Jumapili waliwakemea watoto. Watoto waliuliza kwa nini, kama hata wazee walicheka.