Ndege ya Kukodi, Israfu na Amana



Safari ni katika neema alizotuneemesha Mwenyezi Mungu. Amemtiishia mwanaadamu mnyama wa kupanda, na jahazi, na pepo za kaskazi na kusi. Kisha akamfunulia elimu ya kuruka. Basi mwenye kusema kwamba ndege ni haramu, au kwamba kukodi chombo ni haramu, amesema asilolijua. Wazee wetu wa pwani hii walikodi majahazi, na hata leo katika nchi nyingi mahujaji huchukuliwa kwa ndege zilizokodiwa kwa ajili yao, mamia ya watu katika ndege moja. Hilo ni jema, wala hatuna la kulisemea.

Lililotushughulisha ni kukodi kwa namna nyingine. Siku hizi pana ndege za binafsi zilizoundwa makusudi kuruka kutoka bara moja mpaka jingine bila ya kutua. Mojawapo ni iitwayo Global 7500, ya kampuni ya Bombardier ya Kanada, iliyoanza kazi mwaka 2018. Huweza kwenda takriban kilomita 14,000 kwa mruko mmoja, ilhali kutoka Nairobi mpaka New York hazifiki 12,000. Ndani yake mna sehemu nne za kukaa, kula na kulala, na abiria wake hawazidi 19. Mwenye kuitaka si lazima ainunue. Huikodi kwa safari yake moja.

Na yafaa tufahamu hesabu yake. Mkodi halipii kiti. Hulipia ndege nzima, kwa saa. Ikiwa ndege iko Ulaya naye yuko Afrika, kwa kawaida hulipia pia saa za kuja kumchukua ikiwa tupu, na huenda akalipia na za kurudi tupu. Tena, kwa kuwa kanuni za anga zimewawekea marubani mpaka wa saa za kazi, safari ndefu huhitaji rubani wa tatu au wa nne, nao wana ujira wao na malazi yao. Tangi zake huchukua zaidi ya tani 20 za mafuta.

Wataalamu waliotoa uchunguzi wao mwaka 2024 wamesema kwamba hewa ya kaboni iliyotoka katika ndege za binafsi ulimwenguni ilifika tani milioni 15.6 katika mwaka 2023, nayo imezidi kwa asilimia 46 kuliko mwaka 2019. Na karibu nusu ya miruko ilikuwa ya masafa yasiyofika kilomita 500. Basi si umbali peke yake unaowapandisha watu ndege hizo. Na asiyepata kupanda ndege maishani mwake hushiriki katika madhara ya moshi huo, ilhali hakushiriki katika starehe yake.

Huenda msomaji akauliza: Je, mtu hana ruhusa ya kutumia mali yake apendavyo? Twajibu kwamba mali ni ya Mwenyezi Mungu, nasi tumewekwa juu yake kuwa mawakili. Mgonjwa asiyeweza kungoja akikodiwa ndege imfikishe kwa tabibu, hiyo ni dharura, na fedha hizo hazikupotea. Ama mwenye afya na wasaa, aliyeacha kiti katika ndege ya watu wote kwa kuchukia tu kukaa pamoja nao, huyo hana dharura wala haja. Ana kibri, na kibri hakihalalishwi na wingi wa fedha.

Hayo ni katika mali ya mtu mwenyewe. Mali ya umma ina hukumu nzito zaidi. Mwezi wa Mei 2024 Rais William Ruto alikwenda Marekani kwa ndege ya kifahari iliyokodiwa kutoka Imarati. Watu wakanung'unika kwa gharama yake, khasa kwa kuwa shirika la Kenya Airways limekuwa likiruka moja kwa moja mpaka New York tangu Oktoba 2018. Yeye akajibu kwamba gharama ilikuwa chini ya ile ya kusafiri kwa shirika hilo; na mwisho wa mwezi akaeleza kwamba haikuzidi shilingi milioni 10, kwa kuwa marafiki walimpunguzia.

Sisi hatumhukumu mtu kwa mapatano tusiyoyahudhuria. Lakini jawabu hilo lafungua mlango ambao Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahi kuufunga. Alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, naye aliporudi akatenga sehemu akasema kwamba hiyo alizawadiwa yeye. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa wazazi wake, aone kama zawadi hiyo ingemjia. Basi bei iliyopunguzwa kwa ajili ya mwenye cheo haiwi nafuu mpaka ajulikane aliyeipunguza, na ijulikane anataraji nini. Huenda nauli kamili iliyoandikwa katika daftari ikawa salama kwa raia kuliko hisani isiyo na jina.

Walakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni wepesi kwetu kukaa barazani tukailaumu ndege tusiyoipata kuiona. Na yule miongoni mwetu anayekodi msururu wa magari kwa harusi ya siku moja, kisha akabaki na deni la miaka, yeye amepanda ndege gani? Na msimamizi wa wakfu anayepangisha nyumba ya msikiti kwa rafiki yake kwa kodi ndogo, akipokea hisani zake kwa siri, atajibu nini akiulizwa swali la Ibn al-Lutbiyya?

Tunawanasihi ndugu zetu, na nafsi zetu kabla yao: kabla ya kukodi chochote, na tuulize haja yake ni nini na fedha ni za nani. Na mwenye kushika mali ya watu na aisome hesabu yake mbele yao akiwa hai, kabla hajasomewa Siku isiyo na marafiki wa kumpunguzia.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kutimiza amana. Amin.