Neno Dogo Lililoachwa

Soma Yohana 21:20-23. Ndugu walibadilisha nini katika jibu la Yesu walipolirudia?

Petro aliuliza habari za mwanafunzi mwenzake. Jibu la Yesu lilikuwa na sharti: ikiwa Yeye angetaka mwanafunzi huyo awepo hata kurudi kwake, hilo halikumhusu Petro. Wajibu wa Petro ulikuwa kumfuata. Lakini jibu hilo lilipoenea kati ya ndugu, neno “ikiwa” lilipotea. Mahali pake pakasimama ahadi: mwanafunzi yule hatakufa.

Yohana hawaiti ndugu hao waongo. Huenda kila mmoja alidhani anasema jambo lile lile kwa maneno mepesi zaidi. Hata hivyo, mtu aliyejenga tumaini lake juu ya ahadi hiyo angesema nini siku ya kumzika mwanafunzi huyo? Angedhani Yesu amevunja neno lake, kumbe hakulitoa kamwe. Nia njema haimzuii mtu kumsingizia Bwana wake.

Je, basi, ni salama zaidi kurudia maneno yalivyo bila kuyaeleza? Soma Nehemia 8:1-12. Mbele ya Lango la Maji torati ilisomwa, na Walawi wakaeleza maana yake. Watu walilia, kisha wakafurahi, kwa kuwa walikuwa wameelewa. Bila maelezo, wengi wangesikia sauti tu.

Tofauti iko wapi? Walawi walieleza huku kitabu kikiwa kimefunuliwa mbele ya watu. Uvumi wa ndugu ulisafiri peke yake, ukiyaacha nyuma maneno ya kwanza. Ndiyo maana Yohana, alipotaka kuusahihisha, hakutunga maelezo mapya. Aliyarudia maneno ya Yesu, pamoja na “ikiwa” yake.

Anayeeleza kwa maneno yake yale aliyosema mwingine ni shahidi. Anaweza kubadilisha maneno ili asikilizwe; hana ruhusa ya kuondoa sharti ili ujumbe upendeze. Ndivyo ilivyo pia kwa maneno ya mwenzi wa ndoa, jirani au mzee wa kanisa.

Kwa darasa: Mmoja asome fungu, mwingine alieleze kwa maneno yake, kisha wote warudi kwenye fungu. Ni neno gani limeachwa? Lipi limeongezwa?

Tafakari: Je, kuna ahadi unayomdai Mungu ambayo, ukiisoma tena, ina “ikiwa” uliyoiacha?