Tini Juu ya Jipu

Ujumbe wa Jumapili iliyopita, ibada ya pili. Andiko: 2 Wafalme 20:1–7

 

Nilikuwa nimepanga tuendelee na kitabu cha Nehemia. Nehemia atangoja. Wiki mbili zilizopita tulimzika mzee wetu wa kanisa, na kabla sijawafundisha jambo lingine lolote, kuna jambo ninalopaswa kuungama mbele yenu. Nimeomba ruhusa kwa mama na watoto, wamenipa. Jina lake sitalitaja, nyinyi mnamjua.

Mnakumbuka mwaka jana, mwezi wa nane, siku ile ya mavuno? Akina mama walipika githeri na mukimo. Mzee aliketi pale nyuma na kikombe cha chai peke yake. Nilimwona. Jumapili iliyofuata, chai tena. Nami nikapanda hapa nikasema, tazameni mtu anayejua kufunga. Nikawaambia vijana wamwige. Mkapiga makofi. Yeye akainamisha kichwa, mimi nikadhani ni unyenyekevu.

Hakuwa amefunga. Alikuwa hawezi kumeza.

Alikuja kuniambia mwezi uliofuata, jioni, tukiwa tumesimama hapo nje kando ya tangi la maji. Akasema, "Pasta, chakula kinakwama hapa," akagusa kifua. Ilianza na nyama, akaacha nyama. Halafu githeri. Halafu hata mukimo ulikuwa unakataa, sasa ni uji na chai. Nikampaka mafuta, nikamwombea, na hapo nilifanya vizuri. Kisha nikampa programu ya maombi ya siku 21, na kufunga. Wapendwa, nilimwambia mtu ambaye mwili wake unakufa njaa aongeze kufunga. Sikumwambia neno hata moja juu ya hospitali.

Aliyevunja programu yangu ni binti yake. Alitoka Nairobi, akamwona babake vile koti linamning'inia, akaja moja kwa moja ofisini kwangu. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliuliza tu, "Pasta, baba anameza nini?" Kesho yake asubuhi walikuwa Meru. Wakampitisha mpira mwembamba wenye kamera, wakachukua kipande kidogo cha nyama ya ndani, kikapelekwa maabara. Majibu yalisema ni kasinoma ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Sasa tufungue Neno. Hezekia anaugua, anaambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana hatapona. Anageukia ukutani, analia, anaomba. Isaya hajatoka hata uani, Mungu anamrudisha: mwambie nimesikia, nimeona machozi, namwongezea miaka 15. Hapo mimi miaka yote nilikuwa nafunga Biblia na kupiga haleluya. Lakini someni mstari wa saba. Baada ya ahadi kutolewa, Isaya anaagiza waletwe tini, ziwekwe juu ya jipu. Nabii ndiye aliyeagiza dawa! Na Hezekia hakusema, mbona niwekewe tini na Bwana ameshanena?

Najua mtaniuliza habari za Asa, 2 Mambo ya Nyakati 16:12, aliyeugua miguu akawaendea waganga. Nimehubiri andiko hilo vibaya mara nyingi. Someni sura yote. Huyo ni mfalme aliyekuwa ameacha kumtegemea Bwana, akamtegemea mfalme wa Shamu, akamtia nabii gerezani kwa kumwambia ukweli. Kosa analohesabiwa ni kwamba hata katika ugonjwa hakumtafuta Bwana. Na Paulo, aliyeombea wengi wakapona, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na alisafiri na Luka, tabibu. Hakumfukuza Luka kwenye timu.

Mimi si daktari. Lakini miezi hii yote nimekaa hospitalini kwenye benchi nikiuliza maswali, na mengi niliyokuwa nawaambia hapa juu ya kansa nilikuwa nayatoa hewani. Wacha niwaeleze vile nilivyoelezwa.

Mwili umejengwa na seli, vitu vidogo ambavyo jicho halioni. Zinachakaa, zinagawanyika, mpya zinachukua nafasi. Kila seli ina maagizo ndani yake: gawanyika sasa, simama sasa, umeharibika basi kufa. Kasinoma ni saratani inayoanzia kwenye utando unaofunika mwili, nje au ndani: ngozi, njia ya chakula, mirija ya matiti, mlango wa uzazi. Maagizo yanaharibika kidogo kidogo, kwa miaka. Kuna moja wanasayansi wanaiita p53, iligunduliwa mwaka 1979. Kazi yake ni kama ya mlinzi: ikiona seli imeharibika inaizuia isigawanyike, au inaiamuru ife. Katika saratani hii ya umio, kwa wagonjwa wengi sana mlinzi huyo ameharibika. Seli mbovu inazaa mbovu, na hakuna wa kupiga kelele. Uvimbe ukikua unajivutia mishipa ya damu uulishe. Kisha seli zingine zinabanduka, zinasafiri kwa damu na limfu mpaka ini, mpaka mapafu.

Nyinyi mnaolima viazi hapa Kibirichia mnaujua mnyauko. Shina moja linalegea mchana wa jua, unasema ni kiu. Wakati unalegea, chini kiazi kimeshaoza, na maji ya mfereji yameshabeba ugonjwa mistari mitatu mbele. Umio ndivyo ulivyo. Ni laini, unatanuka, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua muda mrefu bila mtu kujua. Chakula kikianza kukwama, njia imeshabanwa sana. Ndiyo sababu nasema programu ya siku 21 haikuwa jambo dogo, ingawa daktari aliniambia kwa upole kwamba kwa mzee huenda ilikuwa imeenea tayari kabla hajaja kwangu. Nalishukuru neno lake. Silitumii kujificha.

Na acheni kuuliza nani kamroga, au ni laana ya ukoo gani. Niliwahi kusimama nyumbani kwao nikakemea laana ya babu. Babu wa watu alikufa na uzee wake!

Hapa kwetu Kenya watu zaidi ya 40,000 hugunduliwa na saratani kila mwaka, na hii ya umio ni kati ya zinazoua zaidi. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imeihudumia kwa miaka mingi, na madaktari wake waliandika kwamba wameiona hata kwa vijana wasiofika miaka 30. Pombe na sigara zinachangia. Hapo naona watu wanaitikia amina kwa nguvu, maana tumeokoka, tuliacha busaa na chang'aa. Ngojeni. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, kupita digrii 65, huenda vinasababisha saratani hii. Huko Golestan, kaskazini mwa Iran, walifuatilia watu zaidi ya 50,000 kwa miaka, na waliokunywa chai nyingi ya moto sana walipatwa zaidi. Utafiti wa Eldoret ulionyesha njia hiyo hiyo. Na sisi na baridi hii ya mlima! Chai inatoka kwenye sufuria ikichemka, mtu anaipuliza mara moja, ameshameza. Tunasifu mama kwa chai ya kuunguza. Hakuna aliyesema muache chai (mkiacha, mimi nitakuwa wa kwanza kurudi nyuma). Ni kuweka kikombe chini mpaka ipoe kidogo.

Mzee hakukatwa, maana ilikuwa imechelewa. Waliwekea njia ya chakula stenti, bomba la waya linalojitanua lenyewe ndani. Siku ya tatu alikula uji mzito na yai. Alilia. Niliona mtu mzima analia kwa sababu ya yai. Stenti haiponyi saratani, inafungua njia tu, na ilimfungulia miezi minane. Katika miezi hiyo alipatana na nduguye mambo ya shamba, mnajua ile kesi ilikuwa ya miaka mingapi. Siku moja nikamwomba msamaha kitandani. Akasema, "Pasta, siku ile uliponisifu nilitaka kusimama niseme, lakini watu walikuwa wamepiga makofi." Hilo neno sijalala nalo vizuri mpaka leo.

Sasa nageukia jambo la pili, na hapa nitasema kwa ukali kidogo.

Kuna dada yetu hapa ndani anayetibiwa saratani ya titi. Ameniruhusu niseme. Anapata kemo kila wiki tatu. Nywele zimeanguka, na mtu wa kanisa hili, sio wa nje, amemwambia zimeanguka kwa kukosa imani. Mwingine alisikia kwamba mkojo ulikuwa mwekundu, akasema ni roho. Ndugu zangu, dawa yenyewe ni nyekundu kama juisi, na siku moja au mbili inatoka hivyo. Wauguzi walimwambia mapema.

Kemo inawinda seli zinazogawanyika haraka, maana saratani ndivyo ilivyo. Lakini haichagui vizuri. Mizizi ya nywele nayo inagawanyika haraka, utando wa mdomo, na uboho ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo sababu nywele zinaanguka, mdomo unatoka vidonda, chakula kinakosa ladha. Dawa zingine zinatia ganzi vidoleni, zingine zinasumbua figo au masikio. Nywele huota tena. Ule uchovu usiuite uvivu.

Na wiki ya kwanza na ya pili baada ya dawa, chembe nyeupe za damu zinashuka sana, mwili unabaki bila askari. Kwa hiyo sikieni: ukiwa na mafua au kikohozi, usiende kumwekea mikono. Mwombee ukiwa kwako, Mungu anafika. Akipata homa ya digrii 38 au kupita, ni hospitali usiku huo huo, sio kungoja asubuhi, sio kuniita mimi kwanza. Nipigieni mkiwa njiani. Na hakuna mtu atakayempa mgonjwa anayetibiwa programu ya kufunga bila daktari wake kujua. Kuanzia na mimi.

Yule aliyemwambia aache dawa kwa sababu alionyeshwa amepona: kama Bwana amemponya, vipimo vitaonyesha, na daktari atakuwa shahidi wetu. Wenye ukoma walioponywa, Yesu mwenyewe aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani.

Nimemaliza, ila haya machache. Kama chakula kinakukwama, hata kama ni nyama peke yake, hata kama ni wiki mbili tu, usiondoke leo bila kuniona mimi au wale akina mama wawili wauguzi walioketi mlangoni. Sitakusifu. Tutakupangia safari ya Meru. Chai ya leo imeteremshwa motoni tangu tulipoanza kuimba, msilalamike. Na dada yetu ana dawa Jumatano. Gari linatoka hapa kanisani saa kumi na moja alfajiri. Anahitaji mtu wa kukaa naye mpaka jioni na mwingine wa kukamua ng'ombe wake. Mimi naendesha. Kukamua sijui, tafadhali mtu ainue mkono.